Bukoba hadi Muleba na mwalimu wa pikipiki: Kuondoka ni rahisi, kusimama ndiyo kazi

Bukoba. Ukifika mji huu kwa njia yoyote ile, wa kwanza kukupokea ni mwenye pikipiki. Ukishuka asubuhi kutoka Mv Victoria iliyokesha ziwani ikitokea Mwanza, utawakuta nje ya geti la bandari. Ukija kwa ndege, uwanja uko kando ya ziwa, jirani kabisa na mji, nao wapo. Ukija kwa basi, hata iwe usiku, utasikia "Bosi, twende?" kabla hujashusha begi.

Saa 12:30 asubuhi, barabara za kutoka Kashai na Hamugembe kwenda katikati ya mji hujaa sare za shule. Watoto wengine wanatembea kwa makundi. Wengine wako juu ya pikipiki, wawili au watatu nyuma ya dereva, mkubwa akiwekwa mwisho ili awabane wadogo wasidondoke. Tunauita mshikaki, na tumeuzoea mpaka jina lenyewe linatuchekesha.

Mzazi anayempandisha mwanawe hapo anajua mengi kuhusu yule dereva. Anajua jina lake na kwao, pengine wanasali kanisa moja au msikiti mmoja. Ana namba yake ya simu, na mwisho wa mwezi humlipa kwa pamoja. Lakini nani alimfundisha kuendesha? Wazazi wachache sana wameuliza.

Swali hilo ndilo lililonileta Kagera. Kwa siku nne niliandamana na mwalimu wa pikipiki, mwanamume wa miaka 50 na ushei aliyekubali nimwandike kwa sharti kwamba jina lake libaki kwake. Siku za katikati ya wiki hufundisha Manispaa ya Bukoba, na Jumamosi huenda Muleba. Nilitaka kuona kinachofundishwa, na kwa hiyo kuona anachokosa kijana asiyefundishwa.

Mkoa uliozoea matangazo ya magonjwa

Sisi tunaoandika habari za afya tunaijua Kagera kwa sababu nyingine. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa mkoa huu mwaka 1983. Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani Bukoba. Watu tisa waliugua na sita wakafariki dunia, kisha Juni 2 mwaka huohuo ikatangazwa kuwa umekwisha. Januari 2025 ugonjwa huo ukazuka tena, safari hiyo Biharamulo.

Kila mlipuko ulikuja na ndoo za kunawia, wataalamu kutoka nje ya mkoa na taarifa za kila siku. Watu wa hapa wamejifunza kuuliza haraka: unaambukizwaje, unazuiwaje?

Ajali ya pikipiki haina tangazo la namna hiyo. Inachukua mmoja leo, wawili keshokutwa, kijiji hiki na kile. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa mwaka kwa ajali za barabarani, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Huo ni umri wa watoto wetu wote, tangu wa chekechea hadi aliyeanza kazi juzi.

Tunapozika, tunasema ajali haina kinga. Mwalimu wangu haupendi msemo huo. Kwake, anayeutamka amekwishaamua kutofanya chochote. Kinga anayoijua yeye inaanzia kwenye kiwanja cha udongo, injini ikiwa imezimwa.

Injini imezimwa

Kiwanja hicho kiko upande wa Kashai. Jioni vijana hucheza mpira, asubuhi ni darasa. Siku ya kwanza nilikuta wanafunzi watano: muuguzi wa zahanati, afisa ugani, mama anayeuza samaki na vijana wawili wanaotaka kuingia kwenye bodaboda.

Nilidhani nitasikia mlio wa pikipiki. Kwa saa nzima ya kwanza hakuna aliyewasha. Kila mmoja alishika usukani na kuisukuma pikipiki kuzunguka kiwanja, akipinda kushoto, akipinda kulia, akiibana breki na kusimama. Kisha wakajifunza kuiweka kwenye stendi na kuitoa. Baadaye Mwalimu akailaza moja chini taratibu na kumwambia muuguzi ainyanyue.

Sababu yake ni nyepesi. Pikipiki nyingi za hapa zina uzito unaozidi kilo 100. Mtu asiyeujua uzito huo mikononi mwake akiwa ametulia, ataujua barabarani siku inapoanza kumlalia. Muuguzi alijaribu mara mbili kwa mikono ikagoma. Mara ya tatu akageuka, akaiegemea kwa mgongo, akasukuma kwa miguu, ikasimama. Wenzake wakampigia makofi.

Mwalimu mwenyewe alianza na baiskeli. Kabla pikipiki hazijajaa, abiria walibebwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kazi iliyotuachia jina la bodaboda. Neno hilo lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako vijana wa baiskeli waliwavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zilipoingia, alijifunza kama wengi walivyojifunza na wanavyojifunza hadi leo: rafiki alimwonyesha klachi na gia jioni moja, kesho yake akapakia abiria.

Kisheria njia ni ndefu kidogo. Mwanafunzi anakata leseni ya kujifunzia, anafundishwa, anapimwa na askari wa usalama barabarani, ndipo anapata leseni ya daraja la pikipiki. Vyuo kama vya VETA na shule za udereva zipo kwa kazi hiyo. Lakini njia fupi ya kijiweni haijafa, kwa sababu inachukua jioni moja na haina ada.

Mstari wa majivu

Siku ya pili Mwalimu alichota majivu kwenye ndoo, akachora mstari mweupe kukatiza kiwanja. Kazi ya mwanafunzi ni moja: aje kwa mwendo aliopangiwa, tairi la mbele lisimame juu ya mstari. Lisiupite, lisiishie njiani.

Ni zoezi la kuchosha. Mama wa samaki alilirudia kwa zaidi ya nusu saa. Mara alisimama mbali, mara akapitiliza. Kijana mmoja, ambaye kwa kuondoka alikuwa hodari kuliko wote, aliupita mstari kila mara, na kila mara alisingizia breki.

Tatizo lake halikuwa breki, lilikuwa mkono. Vijana wengi huambiwa kijiweni kwamba breki ya mbele inapindua, wasiiguse. Hivyo wanategemea ya nyuma peke yake, na siku mtoto anapokatiza barabara ghafla wanaikanyaga mpaka tairi linaganda na kuserereka. Ukweli ni kwamba unapofunga breki uzito unahamia mbele, na tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Mwalimu anafundisha zote mbili kwa pamoja, ya mbele ikibanwa taratibu kama mtu anayekamua chungwa, pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye tope na kokoto, mkono unakuwa mwepesi zaidi na mwendo unapungua mapema.

Walipopumzika aliwaambia wafungue kikokotoo kwenye simu. Kilomita 60 kwa saa ni mita ngapi kwa sekunde moja? Afisa ugani alipata karibu mita 17. Binadamu anahitaji kama sekunde moja kuona hatari na kuanza kubana breki. Kwa hiyo katika mwendo huo pikipiki inakwenda karibu mita 17 kabla breki haijaguswa kabisa, halafu ndipo inaanza safari ya kusimama.

Akaongeza jambo ambalo wazazi wengi hatulijui. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimamia baada ya kubana breki haukui mara mbili. Unakua mara nne. Dereva wa mwanao akitoka kilomita 30 kwa saa kwenda 60 kwa sababu kengele ya shule inakaribia kulia, anaokoa dakika chache, na anahitaji mara nne ya barabara ili asimame.

"Dada mwandishi," aliniambia, "kuondoka ninaweza kukufundisha kabla chai haijapoa. Kusimama kunanichukua siku nane."

Kofia isiyofungwa

Katika kiwanja hicho huruhusiwi kukaa juu ya pikipiki bila kofia ngumu, hata kama imezimwa. Mwalimu hupita kila mmoja na kuingiza vidole viwili chini ya kidevu, kwenye mkanda. Vikiingia vinne, mkanda umelegea. Visipoingia kabisa, umebana mno.

WHO inasema kofia ngumu iliyovaliwa sawasawa inapunguza uwezekano wa kufa kwa zaidi ya mara sita, na majeraha ya ubongo kwa hadi asilimia 74. Neno la kuangalia hapo ni "sawasawa". Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani ni ya kumwonyesha trafiki. Ile iliyovaliwa bila kufungwa mkanda hutangulia kuruka, na kichwa kinafika chini peke yake.

Abiria wana sababu zao za kuikataa, na si za kupuuzwa. Kofia moja inavaliwa na watu wengi kwa siku, ina jasho, na mkoa uliopita kwenye hofu ya Marburg hauwezi kulaumiwa kwa kuogopa kubadilishana vitu. Wanawake wanahofia nywele. Suluhisho nililoliona kwa muuguzi lilikuwa la gharama ndogo: kitambaa safi cha pamba anachokivaa kwanza kichwani, ambacho anakifua kila siku. La uhakika zaidi ni familia kununua kofia yake. Mtoto anayepanda pikipiki kila siku anaihitaji kama anavyohitaji viatu vya shule, na iwe saizi yake, si ya baba iliyojazwa kitambaa.

Lakini kabla ya kofia kuna umri. Kanuni za pikipiki za biashara zinakataza kumbeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Sababu inaonekana ukimwangalia mtoto mwenyewe: miguu yake haifiki pa kukanyagia, mikono yake haiwezi kumkumbatia dereva, na akisinzia hakuna wa kumzuia. Kumweka mbele, juu ya tenki, ni hatari zaidi. Pikipiki ikigonga kitu, mtoto anabanwa kati ya usukani na kifua cha mtu mzima.

Barabara ya kwenda Muleba

Jumamosi tuliondoka saa moja asubuhi, mimi nikiwa nyuma ya Mwalimu. Kutoka Bukoba hadi Muleba mjini ni takriban kilomita 70 za lami. Unapita Rwamishenye, unaacha nyumba za mji, na mara moja migomba inakupokea pande zote mbili. Chini ya migomba kuna mibuni, na katikati yake nyumba zinachungulia. Hii ni nchi iliyopandwa na babu kwa ajili ya mjukuu, na hakuna kipande kilichoachwa bure.

Kwa hiyo hapa barabara ni uani pa watu. Mtoto anatoka shambani moja kwa moja hadi kwenye lami. Bibi anavuka na mkungu kichwani. Mbuzi hawaulizi. Mwalimu alipunguza mwendo kila tulipokaribia nyumba, hata pasipoonekana mtu, na kila mara alitazama mbali, si mbele ya tairi. Huwafundisha wanafunzi kwamba pikipiki hufuata macho: ukikodolea shimo, utaingia shimoni. Tazama pale unapotaka kupita.

Tulipita Kemondo, yenye bandari yake, kisha Muhutwe, ambako tayari uko Wilaya ya Muleba. Hapo tuliiacha barabara kuu tukapanda kuelekea Kamachumu. Hewa ikawa ya baridi. Mvua nayo haikuchelewa. Ukanda huu wa ziwa, Bukoba ikiwamo, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Dereva aliyejifunzia kwenye vumbi anafika hapa na kukuta udongo mwekundu umegeuka sabuni.

Tulijikinga chini ya kibaraza cha duka. Mbele yetu ulikuwa mteremko wa udongo, na ndani ya robo saa tuliona pikipiki tatu zikishuka. Ya kwanza ilikuja kimya kabisa. Dereva alikuwa ameizima injini ili kuokoa petroli, na nyuma alikuwa na mikungu mitatu iliyofungwa kwa kukingamana, ikitokeza pande zote mbili kama mabawa.

Mwalimu alinieleza alichokiona. Injini ikizimwa, gia haisaidii tena kushikilia mwendo, breki zinabeba mzigo wote na kupata moto. Mikungu iliyokaa nyuma mno inanyanyua tairi la mbele, kwa hiyo usukani unakuwa mwepesi na haushiki njia. Na upana wa mzigo ni kipimo ambacho macho ya dereva hayakioni, mpaka mkungu umguse mpita njia. Kwake, mteremko unashukwa injini ikiwaka, gia ndogo, mwendo uleule uliotumia kupanda au chini yake.

Ya pili ilikuwa na abiria aliyekumbatia gunia la kahawa katikati yake na dereva. Ya tatu ilibeba mwanamke mjamzito, amekaa upande, mikono yote miwili juu ya tumbo. Hakuwa ameshika chochote.

Mama mjamzito na namba 115

Kwenye vilima hivi hospitali zipo, na ni za miaka mingi. Ndolage iko hapo Kamachumu. Rubya na Kagondo nazo ziko Muleba. Kinachopungua ni njia ya kutoka nyumbani hadi huko wakati uchungu umeanza, mvua inanyesha na ni saa nane usiku. Anayepatikana ni kijana wa bodaboda wa jirani, na mara nyingi anakuja kwa moyo wote.

Mwalimu huwafundisha vijana mambo mawili kuhusu abiria huyo. Akae akitazama mbele, si upande, na awe na kitu cha kushika. Na dereva awe tayari kukataa. Mwanamke mwenye uchungu wa karibu, anayetokwa na damu, au anayepata degedege hapaswi kupakiwa kwenye pikipiki.

Hapo ndipo mzazi anapaswa kujua namba 115. Ni ya bure, na ni ya mfumo wa m-mama, ulioanzia Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo humwita dereva wa gari aliyeingia makubaliano na mfumo huo. Iandike namba hiyo kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani, kwa sababu mwenye uchungu hatakuwa na nafasi ya kuitafuta.

Jambo jingine ambalo Mwalimu analifundisha ni la baada ya kuanguka. Majeruhi hunyanyuliwa mikono na miguu, akawekwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine na kukimbizwa. Shingo au uti wa mgongo ukiwa umeumia, mwendo huo unaweza kumpoozesha mtu ambaye angetembea tena. Kama hayuko kwenye hatari ya kugongwa au kuungua, mwacheni alipo, zuieni magari, bandikeni kitambaa safi penye damu na mkandamize kwa nguvu bila kuachia. Kofia yake msiivue kwa pupa, ila kama hapumui. Tafuteni gari ambalo atalala.

Kuna na jeraha dogo ambalo akina mama wa hapa wanalijua kwa alama: kovu la mviringo kwenye ndama ya mguu, kutokana na bomba la moshi. Mtoto akiungua hivyo, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Halafu mwonyeshe mtaalamu, na mfundishe kushukia upande usio na bomba.

Mzazi, uliza haya

Sikurudi Kagera nikiwa na wazo la kuwaambia wazazi waache bodaboda. Nani ataacha, wakati shule iko kilomita tano na gari la shule halipo? Lakini anayelipa nauli ana sauti, na anaweza kuitumia kabla ya safari.

Muulize dereva alijifunzia wapi na kwa siku ngapi, na mwombe akuonyeshe leseni. Aliyefundishwa ataitoa kwa fahari. Bonyeza breki zake mwenyewe kwa mkono wako, angalia tairi kama bado lina meno, angalia kama vioo vyote viwili vipo. Patana naye mtoto mmoja kwa safari, hata kama itabidi uongeze nauli au watoto watoke kwa zamu. Usimpigie simu akiwa njiani kumuuliza amefika wapi. Na ukimwona amekunywa, hata kama ni rubisi kidogo tu ya kijiweni, siku hiyo mtoto atembee na mtu mzima.

Kwa mzazi ambaye mwanawe mwenyewe ndiye dereva, ninalo la kusimulia.

Siku mbili au siku nane

Mchana huo, Muleba mjini, Mwalimu alikuwa na vijana wanane kwenye kiwanja kilichokuwa bado na unyevu wa mvua. Mama mmoja alifika akifuatana na mwanawe wa miaka 19 aliyekuja akiendesha pikipiki mpya, nailoni zikiwa bado kwenye kiti. Mama alikuwa na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, akatugawia kwanza, kama ilivyo desturi, ndipo akasema shida yake.

Kijana alikuwa amepata pikipiki ya mkataba. Mama aliuza kahawa ya msimu mzima kupata kianzio. Mwenye pikipiki, mdogo wa marehemu mumewe, alitaka hesabu ianze Jumatatu, na kila siku ambayo haitalipwa ingehesabiwa kuwa deni.

"Mwalimu, waitu, nisaidie siku mbili tu, leo na kesho," mama alisema. "Ajue kuiondoa."

"Mama, kuiondoa anajua. Nimemwona akija nayo," Mwalimu alijibu. "Mimi nataka ajue kuisimamisha. Niachie siku nane."

Mama alinyamaza. Siku nane bila hesabu ni deni la siku nane, na nyumbani kuna wadogo wawili wanaosubiri ada. Nilimwona akipiga hesabu kwa vidole. Mwalimu hakumharakisha, na wala hakupunguza siku. Alimwambia tu kwamba hajawahi kuona deni la pikipiki lililomshinda mtu kama deni la mfupa wa paja. Mguu uliovunjika vibaya unamlaza kijana miezi, na miezi hiyo hesabu ya mkataba haisimami.

Mama akasogea pembeni, akapiga simu. Sote tulisikia upande wake.

"Shemeji, mtoto huyu ni wako pia. Akivunjika, na pikipiki yako itakuwa imevunjika." Akasikiliza. "Naomba wiki." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi. "Haya, shemeji. Asante. Mungu akuzidishie."

Hakupata wiki. Alipata siku tano, hesabu ianze Jumamosi ijayo. Wakakubaliana kijana aende Bukoba, alale kwa shangazi yake Hamugembe na afundishwe kila asubuhi tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Siku zilizobaki ataziziba kwa Jumamosi za Muleba. Mwalimu akaweka sharti jingine, kwamba mwezi wa kwanza asipakie mtoto wala mjamzito, na asifanye kazi usiku. Kijana alitazama chini. Mama akajibu kwa niaba yake kwamba amesikia.

Somo la kwanza halikungoja Jumatatu. Majivu yalikuwa yamelowa, hivyo Mwalimu alichora mstari kwa kisigino. Kijana alisukuma pikipiki mizunguko mitatu, akalalamika kwamba mikono inauma, ndipo akaruhusiwa kuwasha. Alikuja kwa kasi, akakanyaga breki ya nyuma peke yake. Tairi liliserereka kwenye unyevu na kuupita mstari.

Mama yake, aliyekuwa amekaa chini ya mwembe, aliinuka, akavua kandambili, akapima kwa nyayo zake kutoka kwenye mstari hadi kwenye tairi. Nyayo tisa. Hakusema neno, alirudi kukaa.

Mara ya pili zilikuwa saba. Jua lilipoanza kuzama nyuma ya migomba, na sisi tukiwa na kilomita 70 za kurudi, alikuwa amefika nyayo mbili, na Mwalimu akamwambia arudie tena.